Ghala la Chini ya Kitanda

Mchele kilo sita, unga pakiti mbili, mafuta nusu chupa, na tende za msikitini. Hivyo ndivyo vilivyokuwamo nyumbani kwetu Kibokoni, Mombasa, jioni ya Mei 6, 2020, ilipotangazwa kwamba Mji wa Kale unafungwa kwa sababu ya korona, haingii mtu wala hatoki mtu kwa siku 15. Ramadhani ilikuwa imeingia kumi la pili. Kafyu tulikuwa nayo tangu mwisho wa Machi, na kaunti nzima ya Mombasa ilikuwa imefungwa tangu Aprili 8, lakini kufungiwa kaunti ni jambo moja na kufungiwa mtaa ni jambo jengine. Mume wangu ni kibarua bandarini. Kibarua asiyeweza kuvuka kizuizi hana ujira wa siku. Mimi nashona, na mwaka ule nani alikuwa na haja ya nguo ya Idi?

Usiku, baada ya tarawehe za nyumbani, mama mkwe akatoa kisaga chake cha bati, akatandika kanga chini, akaupima mchele wote. Kisaga, kwa asiyekijua, ni vibaba viwili, yaani nusu pishi. Chake amekuwa nacho tangu alipoolewa. Hakusema neno mpaka alipomaliza.

"Siku nane," akasema, "tukila mara moja."

"Mama, na daku je?"

"Ndiyo nikasema mara moja."

Tulikuwa watano: mimi, mume wangu, yeye na watoto wawili.

Siku ya tatu, alasiri, pakabishwa hodi. Alikuwa msichana wa chumba cha mbele, miaka minane, ameshika kikombe cha plastiki cha rangi ya waridi. "Mama asema, kama muna mchele." Nilikitazama kikombe kile muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kichwani nilikuwa nikipiga hesabu: kikombe kimoja ukikitoa kwenye siku nane, zabaki ngapi? Nikamtilia nusu. Akasema ahsante, akatoka, na kupitia dirishani nikamwona amesimama uani akikitikisatikisa kikombe ili mchele usambae, uonekane mwingi, kabla hajampelekea mamake.

Hatukufa njaa. Siku ziliongezwa, lakini chakula cha msaada kikafika, na shemeji yangu wa Kisauni akaleta kiroba mpaka kizuizini. Mwanzoni mwa Juni njia zikafunguliwa. Ila ile nusu ya kikombe haikunitoka. Tangu hapo nimekuwa nikiweka akiba ya chakula, na kwa kuwa wateja wangu wa cherehani huniuliza kila mara yale madumu chini ya kitanda ni ya nini, nimeona bora niandike mara moja nipumzike.

Nianze na kosa, maana nililifanya mapema na kwa gharama. Kazi ziliporudi nikachukua pesa za sare za shule na kununua vitu vingi kwa siku moja. Nilileta bunda la unga wa mahindi, pakiti 12 za kilo mbili, kilo 24 kwa mkupuo, na nikajiona nimeokoka. Nikalisukuma chini ya kitanda mpaka likagusa ukuta. Nyumba hizi zetu za kale kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na mvua za mwaka zikianza, kuta hutoka jasho. Kwa miezi mitatu sikuligusa. Nilipolivuta, pakiti za upande wa ukutani zilikuwa zimefanya rangi ya chai ya maziwa. Nikafungua moja. Unga ulikuwa umeshikana donge ambalo ukilibonyeza lavunjika kama chaki, wanuka kanga iliyokunjwa ikiwa mbichi, na katikati mna nyuzi nyembamba kama utando wa buibui: nondo wa unga walikwishahamia.

Mama mkwe akataka tuuchekeche, tuuanike, tuupikie uji. Yeye ni mtu wa zamani, kutupa chakula kwake ni dhambi ndogo. Hapo nikakataa. Nafaka iliyopata unyevu huota kuvu, na kuvu fulani hutoa sumu, sumukuvu, ambayo haionekani na wala haifi kwa moto. Upike saa tatu, imo tu. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na sehemu nyengine za mashariki, watu 125 walifariki kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Akasema basi tuwape kuku. Kuku pia inawadhuru, na mayai tutakula sisi. Tukautupa, pakiti saba, na siku ile hakunisemesha mpaka magharibi.

Kutoka hapo nikajua kwamba mafunzo ya akiba yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi kavu na baridi hayafai Mombasa yakiletwa yalivyo. Adui wetu wa kwanza ni hewa. Unyevu hapa hukaa juu ya asilimia 70 karibu mwaka mzima, na joto halishuki hata usiku, kwa hiyo kila kinachoweza kunyonya maji kitanyonya, na kila kinachoweza kuanguliwa kitaanguliwa. Unga wa mahindi ndio dhaifu kuliko vyote. Ule wa mashine ya mtaani, uliosagwa na kiini chake, una mafuta ndani na huanza kuchacha baada ya wiki chache. Ule wa pakiti uliokobolewa hustahimili zaidi kidogo, lakini si sana. Siku hizi unga naweka wa mwezi mmoja tu. Uti wa mgongo wa ghala langu ni mchele mweupe. Ukiwa mkavu na umezibwa vizuri hukaa miaka, na mji huu umezoea kula mchele uliokuja kwa meli kutoka Pakistan tangu enzi. Pishori ni mtamu, lakini pishori ni wa wageni. Akiba ni mchele wa bei ya chini ambao hautakuuma ukiupika Jumanne.

Sasa kiasi. Nilitafuta kujua mashirika ya misaada hupimaje, nikaona hupigia hesabu ya kalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na fungu la kawaida la mtu mmoja huwa karibu gramu 400 za nafaka, gramu 60 za kunde au maharagwe, gramu 25 za mafuta na gramu tano za chumvi, pamoja na sukari kidogo na unga wa lishe. Ukizidisha kwa watu watano kwa siku 14 wapata nafaka kilo 28, maharagwe kilo nne na kitu, mafuta chini kidogo ya kilo mbili, na chumvi isiyofika nusu kilo. Nilipoona hesabu ile nilicheka kwa furaha, kwa sababu kwa mbali nilidhani akiba ya wiki mbili ni chumba kizima. Kumbe ni madumu mawili na kikapu.

Halafu nikaangalia video za watu wa Marekani, hobi ambayo mume wangu huicheka. Wana vyumba chini ya ardhi vyenye rafu mpaka darini, mikebe imepangwa kama duka, na karibu wote wana ushauri mmoja: usimwambie mtu. Jirani akijua una chakula, siku ya shida atakuwa mlangoni.

Nilifikiria sana neno lile. Sisi hapa tuko vyumba sita, ua mmoja, bomba moja, kamba moja ya nguo. Nikikaanga kitunguu, chumba cha mwisho wajua kama nimetia kitunguu thomu au la. Hiyo siri nitaiweka wapi? Na hata ningeweza kuificha, nilishawahi kuwa mtu aliyefungua mlango na kutia nusu kikombe, na sikuipenda sura yangu. Kwa hiyo nikafanya jambo la kihesabu tu: nikaandika saba badala ya tano. Hawa wawili wa ziada ni wa kikombe. Gramu 400 mara saba mara siku 14 ni kilo 39 na kidogo. Maharagwe ni kilo sita, ila mimi nimeyapandisha yakafika tisa kwa sababu gramu 60 ni kijiko cha mkosefu. Mafuta ni lita tatu. Tofauti ya watano na saba upande wa nafaka ni kilo 11. Kwa kilo 11 za mchele mtu waweza kufungua mlango bila kupiga hesabu kwanza.

Kuhusu pesa, sina la kuficha. Natia shilingi 50 kwa siku ndani ya kopo la maziwa, siku za kazi na zisizo za kazi, na siku nikikosa nadaiwa na kopo. Kwa mwezi ni 1,500. Ilinichukua karibu nusu mwaka kufikia hesabu ya saba. Ugumu wa maskini si kwamba hana pesa kabisa. Ni kwamba pesa humjia vipande vipande, naye hununua vipande vipande. Mafuta ya kupima, sukari ya robo, mchele wa nusu kilo, majani ya kumi. Piga hesabu siku moja mafuta yale ya kikopo yangekuwa bei gani kwa lita nzima, utaketi chini. Tajiri hula kwa bei rahisi kuliko sisi, na hajui hata kwamba analipa kidogo.

Dawa yake tumeipata kwenye mchezo. Wanawake watano wa ua huu na ua wa nyuma tulikuwa tayari na mchezo wa pesa, wote twatoa na mmoja apokea kwa zamu. Tukakubaliana kila baada ya miezi miwili zamu moja iwe ya gunia. Gunia la kilo 50, kilo 10 kila mtu, kwa bei ya jumla, laletwa kwa mkokoteni mpaka mlangoni. Mara ya kwanza tulinunua duka moja ambalo silitaji, na tulipolipima nyumbani likapungua kilo moja na nusu. Tukarudi watano, buibui tano mlangoni. Mwenye duka akatuambia, bila hata kuinua macho kwenye simu, "Mchele hukauka njiani, mama." Kutoka sokoni mpaka Kibokoni! Jangwa gani tulilopita? Tangu siku hiyo twalipima mbele ya mwenye duka, na dukani kwake hatuendi.

Wakati wa kununua nao una maana. Shaabani bei hupanda kwa sababu kila mtu ajiandalia mfungo, kwa hiyo vyangu vya Ramadhani nanunua Rajabu. Miezi ya uchaguzi ni hivyohivyo. Wiki mbili kabla ya kura madukani watu husukumana kama feri ya Likoni saa kumi na mbili jioni. Nakumbuka Januari 2008, fujo za baada ya kura, nikiwa bado kwetu, mboga za bara zilivyokatika na kabichi ikawa kitu cha kuulizia. Nakumbuka pia katikati ya 2022, pakiti ya unga ya kilo mbili ilipopita shilingi 200, serikali ikatangaza iuzwe 100, na kwetu mtaani ukawa watafutwa kwa minong'ono. Wiki zile tulikula mchele wa chini ya kitanda, nikaurudishia bei ilipotulia. Vita na gharika huja mara mojamoja. Kinachokuja kila mwaka ni bei, na meli isiyokuwa na kazi, na mtoto kulazwa wiki ya kodi. Akiba hii mara nyingi huliwa kwa sababu hizo, na sioni aibu.

Sasa madumu, maana hapa ndipo watu wengi hupotea. Wauza viazi karai na bhajia hununua mafuta ya madumu ya lita 20, na dumu tupu hukuuzia kwa bei ndogo. Hakikisha ni la mafuta ya kupikia. La dawa au rangi hata ulioshe mara kumi halifai. Nalisuuza kwa maji moto na sabuni mara tatu mpaka halitelezi, kisha nalianika juani siku mbili likiwa limeinamishwa kichwa chini. Dumu moja huchukua mchele kilo 16 hivi. Mchele wenyewe nauanika kwenye mkeka saa moja tu, jua la asubuhi, maana jua kali huupasua. Na nauacha upoe kabisa kabla ya kutia. Ukiutia na moto wake, jioni dumu litatoka jasho kwa ndani na umejitengenezea uji.

Fukusi hawaingii kutoka nje kama watu wanavyodhani. Wengi huja na mchele, mayai yao yako ndani ya punje kutoka ghalani. Kuna njia mbili za kuwamaliza. Ukiwa na friza, ulaze siku nne kwenye baridi ya kugandisha. Mimi nina urafiki na jirani auzaye barafu za ukwaju, humwachia kilo tano tano akiwa na nafasi. Njia ya pili ni kuwanyima hewa. Jaza dumu mpaka shingoni, tikisa, jaza tena, funga kifuniko kwa nguvu na juu yake kipande cha nailoni na mpira. Wakianguliwa watavuta hewa iliyomo mpaka iishe, wafe. Lakini hapo usifungue "kuangalia". Kila ukifungua wawapa pumzi. Ndiyo sababu mbali na madumu naweka pia chupa za maji za lita moja na nusu. Moja hubeba kilo moja na robo hivi, mlo wa familia, waifungua na kuimaliza.

Mama mkwe hutia majani makavu ya mwarobaini kwenye maharagwe, kama mamake alivyofanya. Simkatazi. Kwa nionavyo yapunguza wadudu, hayawamalizi, na ukiyatia mabichi umeongeza unyevu.

Kuhusu maharagwe yenyewe tuliwahi kugombana nusu siku. Yeye ataka mekundu, ya nazi, na nani hayapendi? Lakini mekundu huhitaji kulowekwa, maji mengi na makaa ya saa mbili, na yakikaa zaidi ya mwaka kwenye joto letu huwa mawe, hayaivi hata ukiyatishia. Pojo hazilowekwi na huiva kwa muda mfupi. Nikashinda kwa hoja ya makaa: theluthi mbili pojo, theluthi moja maharagwe. Watoto wamenichukia kwa pojo, wakizisikia harufu huuliza kama kuna nini tena nchini.

Kwa yale mekundu nina kapu. Ni kapu kubwa la ukindu nililolijaza vitambaa vinavyobaki kwenye cherehani, na katikati nikaacha tundu la sufuria. Maharagwe yaliyolala majini usiku nayachemsha kwelikweli nusu saa, yachachamke (mekundu yana sumu yake yakipikwa kwa moto wa uvuguvugu tu), kisha sufuria na mfuniko wake naitia kapuni, nafunika kwa mto wa vitambaa, naenda zangu kushona. Baada ya saa nne yameiva, nayarudisha jikoni yachemke tena na kuungwa. Makaa yamepungua zaidi ya nusu. Siku ya kwanza mama mkwe alilizunguka kapu lile kama ambaye ameletewa mkewenza.

Yeye naye ana elimu yake ambayo sikuipata kwenye video. Kusi likivuma, Mei mpaka Julai, bahari huchafuka, mashua hazitoki na samaki huwa wa wenye nacho. Kwa hiyo kaskazi, bahari ikiwa tulivu na samaki ni wengi, yeye hupasua, hutia chumvi na kuanika ng'onda juu ya sakafu ya paa. Adui hapo ni kunguru. Kunguru wa Mombasa, hawa wa shingo ya kijivu walioletwa kutoka Uhindi, hawaogopi mtu. Mwaka juzi mmoja alichukua ng'onda nzima mbele ya macho yetu, akatua kwenye antena ya jirani akaila polepole akitutazama. Sasa huanika chini ya chandarua cha zamani. Ng'onda mbili, uduvi kikopo, achari ya maembe chupa mbili: bila vitu hivi akiba ni hukumu. Mtu anayekula wali mkavu siku ya tano huanza kutafuta ugomvi.

Maji ndiyo udhaifu wangu mpaka leo. Mji huu hunywa maji ya mbali. Ya chemchemi za Mzima hutoka Tsavo Magharibi kwa bomba la zaidi ya kilomita 200, na mengine huja kutoka Baricho, Marere na Tiwi, kote nje ya kisiwa. Bomba likikatika huko, sisi tutajua kwa mkokoteni: bei ya dumu hupanda kabla ya habari kufika. Nina madumu sita ya maji, lita 120. Kwa lita nne kwa mtu za kunywa na kupika, watu saba humaliza 28 kwa siku. Yaani siku nne na kidogo. Sina nafasi ya zaidi. Kisima cha ua kipo, lakini ni cha chumvi na vyoo viko karibu; ni cha kufulia na kusafishia. Tena usijaribu kupikia maharagwe maji yale, hayataiva jioni wala asubuhi. Ikibidi maji yasiyoaminika, yachemshe; na makaa yakiwa haba, chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, maji yakiwa maangavu, ilaze juani saa sita za jua kali. Jua twalo la kuuza.

Friji sihesabu. Usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipokatika karibu nchi nzima, jirani alipoteza nyama ya arubaini ya mjombake. Ikakatika tena Desemba.

Ghala lenyewe naliendesha kwa daftari la mistari na kipande cha gundi ya karatasi juu ya kila dumu: mwezi na mwaka. Kila Ijumaa pilau hutoka kwenye dumu la zamani zaidi, na zamu ya gunia ikifika lajazwa upya likaenda nyuma ya foleni. Chini nimeweka mbao za kitanda kibovu, kimo cha kiganja, na kati ya dumu na ukuta mkono wapita. Hakuna kinachogusa ukuta nyumbani kwangu, hata kochi.

Gunia la mwisho lililetwa Jumamosi iliyopita. Tulilimwaga kwenye mkeka uani na mama mkwe akashika kisaga chake, kwa sababu hakuna anayeamini mizani ya mwenziwe lakini wote wanaamini mkono wake. Hupima kwa kufuta, si kwa kulundika, na hufuta kwa ukingo wa kiganja, hapendelei hata kwangu. Yule msichana wa chumba cha mbele, sasa ameshanipita kimo, alikuwa akiandika mafungu kwenye daftari: mamake ndiye wa tano kwenye mchezo. Yalipokwisha mafungu matano ikabaki mchele kama kisaga na nusu, kwa kuwa safari hii gunia lilizidi. Tukaanza kubishana upewe nani. Mama mkwe akasema usipewe mtu, utiwe ndoo ndogo ya peke yake, iwekwe pale mlangoni pa ua, na kikombe juu yake. Halafu ukaja ugomvi wa kweli, nao haujaisha mpaka ninapoandika haya: gunia tupu ni la nani. Kwa zamu ni langu. Mama wa chumba cha mbele asema zamu yangu ilipita mwezi wa nne, na bintiye ana daftari.